Mgeni Anashauriwa

Observatory, Johannesburg
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mwanangu Héritière,

Haya, umeshatua au bado uko angani? Tangu Alhamisi natembea na hii simu mkononi, jikoni nayo, chooni nayo. Ya kwako haiiti. Huyo Firmin wenu, aliyewatafutia nafasi za chuo, anasema huko Urusi simu za WhatsApp zinakatwa, barua pepe ndiyo inayopita. Sawa. Barua mimi haziniogopeshi. Marehemu Sipho alinitongoza kwa barua miezi minane, yeye akiwa na wakimbizi wenzake wa Afrika Kusini pale Mazimbu na mimi wodini Morogoro mjini, mwendo wa baiskeli tu. Basi tutaandikiana.

Ila nina neno kooni. Kwa nini Firmin alikataa nikusindikize uwanja wa ndege? Nimekulea tangu mama yako Léocadie azikwe, wewe na mdogo wako, halafu naambiwa tuagane kituo cha petroli Berea! Eti familia zinaleta machozi. Mimi nililia? Nilikufunga skafu tu, tena vizuri.

Sasa sikiliza ya mji. Mimi Leningradi niliishi miaka minne nikisomea uuguzi, na hata kama wameurudishia jina lake la zamani la Saint-Pétersbourg, watu hawabadiliki upesi hivyo. Ukiingia nyumba ya mtu vua viatu mlangoni, watakupa ndara za ndani. Usimpelekee mtu maua mawili wala manne, hayo ni ya makaburini. Peleka matatu au matano. Ghorofa ya kwanza kwao ni ile ya chini kabisa, usipande ngazi ukapotea bure. Chuoni na hospitali huingii na koti, unalikabidhi kwa bibi wa makoti, na kama halina kitanzi cha kulining'iniza atakugombeza mbele za watu mpaka ujute kuzaliwa. Lako nimelishonea kitanzi. Usitabasamie watu ovyo njiani, watadhani huna akili timamu. Na wenyeji wako wakuandikishe serikalini siku zile chache za mwanzo, karatasi yake uitunze.

Mdogo wako Murielle hanipi nafasi ya kupumua. Anataka kukufuata na kikundi cha Novemba. Pasi yake iko kabatini kwangu, chini ya khanga. Nimemwambia siitoi mpaka wewe mwenyewe uniandikie kwamba huko ni kuzuri. Kwa hiyo usiniandikie ya kunifurahisha, mwanangu. Neno lako ndilo nitakalolifuata, aende au asiende.

Mama Hedwiga


Saint-Pétersbourg
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mama Hedwiga mpendwa,

Nakusalimia sana. Nimeisha fika, niko bien, usihangaike. Safari ilikuwa ndefu lakini ya usalama. Chuo ni kizuri, walimu ni wazuri, chakula ni kizuri.

Mji ni mkubwa sana, una wakaaji zaidi ya milioni tano. Njia rahisi ya kusafiri ni metro, yenye vituo zaidi ya sabini. Mgeni anashauriwa kusimama upande wa kulia wa ngazi za umeme. Maji ya bomba yasinywewe bila kuchemshwa. Kadi za benki za nje hazifanyi kazi, kwa hiyo mgeni anashauriwa kuja na fedha mkononi. Madaraja ya mto hufunguliwa usiku ili meli zipite, na mgeni anashauriwa kupanga safari yake mapema asije akakwama ng'ambo. Namba ya dharura ni 112. Mgeni anashauriwa kubeba pasi yake wakati wote.

Watu ni wakarimu. Monsieur Firmin alitupangia kila kitu vizuri, tunamshukuru. Wazazi wengine wasiogope.

Murielle umwambie namupenda. Ila asikimbilie. Amalize kwanza ile kozi yake ya kompyuta.

Mtoto wako,
Héritière


Observatory
Jumapili, 28 Septemba 2025

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kanisani leo, baada ya matangazo. Padri aliniita mbele mwenyewe. Nikasoma kwa sauti, watu wakapiga makofi, akina mama wa kwenu Bukavu wakapiga vigelegele mpaka mpiga kinanda akashtuka. Nilijisikia nimekuzaa mimi. Firmin alikuwa pale na kwaya, kavaa suti ya kahawia, akaomba aipige picha. Sasa inazunguka kwenye simu za Berea nzima. Familia tatu zimeshampelekea majina ya mabinti zao.

Nimerudi nyumbani, nimevua viatu, nimeisoma tena peke yangu. Na sasa nakuuliza wewe: mgeni ni nani? "Mgeni anashauriwa", "mgeni anashauriwa", mara nne nimehesabu. Mimi nilimtuma Héritière, sikumtuma mgeni. Ulipokuwa unarudi tu kutoka duka la Yeoville ulikuwa na habari za nusu saa: nani kagombana na nani, robot gani ya taa za barabarani imezimika, nyanya gani zimeoza. Leo umevuka dunia nzima na huna hata jina la mtu mmoja?

Niambie basi. Unalala na nani chumbani? Chumba kikoje, kina dirisha, ukilifungua unaona nini? Koti lako bibi wa makoti alilipokeaje? Mabomba ya joto wamekwisha kuwasha? Maana huko hujiwashii mwenyewe, mji ndio unaowasha, na kabla ya siku hiyo mnatetemeka wote, profesa na mfagizi.

Na hili la Murielle asikimbilie, silielewi. Kama ni kuzuri namna hiyo, kwa nini asije?

Mama Hedwiga


Saint-Pétersbourg
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Mama Hedwiga,

Nimepata barua yako, asante. Pole kwa kuandika sawa vile. Masomo ni mingi.

Nalala na msichana anaitwa Olga. Ni mwema. Bibi wa makoti pia ni mwema, hakunigombeza. Mabomba yamewashwa. Wageni wanapendezwa sana na majumba ya makumbusho, ambayo mengi hufungwa siku moja kila juma, hivyo ni vizuri kuuliza kabla ya kwenda.

Kuhusu Murielle, mimi nasema tu ni mdogo. Quand même, ana miaka kumi na tisa tu. Huku baridi ni kali, lugha ni ngumu. Mimi nitamaliza, nitarudi, kisha tutaona. Naomba umushikilie hapo nyumbani. Usikasirike juu ya hilo.

Monsieur Firmin ni mtu wa kuaminika.

Héritière


Observatory
15 Oktoba 2025

Héritière,

Ni mimi Murielle. Mama H hajui naandika. Swahili yangu unaijua, usicheke.

Eish, dada. Nimesoma barua yako ya Olga. Kwa hiyo wewe uende, usome, uvae koti, upigiwe makofi kanisani, na mimi nibaki hapa kuosha vyombo na kuambiwa "wewe ni mdogo"? Ulipoondoka ulikuwa na ishirini na moja. Miaka miwili tu, hiyo ndiyo inakufanya mkubwa?

Firmin ameniambia kitu. Amesema wasichana wengine wakifika kule hawataki ndugu zao waje, juu wanaogopa watapunguziwa nafasi. Nilimwambia dada yangu si mtu wa hivyo. Nilimpigania! Halafu barua yako inakuja, "umushikilie hapo nyumbani." Umushikilie! Mimi ni mbuzi?

Mama H naye anachunguza barua zako kama polisi. Anaweka miwani, anapiga mstari na kalamu nyekundu. Anafikiri unaficha kitu. Mimi najua unachoficha. Unakula peke yako na mlango umefunga.

Nakuja Novemba, utake usitake. Sharp.

Murielle


Saint-Pétersbourg
Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Mama Hedwiga,

Murielle ameniandikia maneno makali. Umwambie tu sikukasirika.

Uliniuliza chumba, na mimi sikukujibu vizuri. Ngoja nikuambie. Ni kidogo, kina vitanda viwili na ndoo. Ukuta una rangi ya kijani mpaka kiunoni, juu ni nyeupe. Kuna msumari ambapo naning'iniza koti na rozari ya mama. Kitu kizuri ni dirisha. Linatazama kaskazini, sawa vile la chumba chako, kwa hiyo jua linaingia tangu asubuhi mpaka jioni, linapiga kitandani kabisa. Nikimaliza kazi nakaa pale nakausha nywele na nawaza nyumbani. Ningekuwa na chumba cha upande mwingine ningekuwa nimeisha kufa kwa huzuni.

Mji pia una teksi nyingi. Mgeni anashauriwa kuagiza kwa simu badala ya kusimamisha barabarani.

Nakukumbuka sana, Mama. Vraiment, kweli.

Héritière


Observatory
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Wewe unayetumia jina la Héritière,

Sikusalimu, kwa sababu sijui ni nani ninayemsalimia.

Nimekula chumvi nyingi, nami nitakueleza polepole ili usije ukasema hukuelewa. Hapa Johannesburg jua linapita upande wa kaskazini. Ndiyo maana wenye nyumba wakitangaza chumba kinachotazama kaskazini kinachukuliwa siku hiyo hiyo, na ndiyo maana chumba changu nakisifia kila mgeni akija. Mtu aliyekulia hapa anadhani dunia nzima ni hivyo. Lakini kule Urusi, kule juu kabisa, jua linapita kusini, na mwezi huu linapita chini chini limejifunika, linachungulia na kuondoka. Chumba cha kaskazini Leningradi ni jokofu. Nilikaa kimoja miaka miwili. Sikupata jua hata la kuanikia leso!

Basi ama mwanangu yuko upande huu wa dunia, ama anayeandika hizi barua si mwanangu. Na kuna jambo jingine. Kila barua inaingia Ijumaa, saa nane mchana, kama mshahara. Héritière ninayemjua hajawahi kufanya kitu mara mbili saa ile ile, hata dawa alikuwa anameza anapokumbuka.

Ni wewe Firmin? Kama ni wewe, jua kwamba mimi nimeshika mikono ya wanaume wakubwa kuliko wewe wakiita mama zao. Hunitishi na suti ya kahawia.

Na kama ni Héritière kweli, nijibu hili, wala usimwulize mtu. Siku mama yako alipokuja kupanga chumba changu cha nyuma, ulivunja nini jikoni kwangu, na ulikificha wapi?

Hedwiga


Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Mama,

Nilivunja kifuniko cha bakuli la sukari, lile la buluu. Nilikificha ndani ya mfuko wa unga wa pap. Ulikipata siku ya tatu ukiwa unasonga, ukacheka mpaka ukakaa chini, na mama akalia kwa aibu, ukamwambia Léocadie, mtoto mgeni asiyevunja kitu bado hajafika nyumbani.

Ni mimi. Dirisha nilikosea upande, ni kusini. Naomba usiniulize tena mambo ya jua.

Héritière


Observatory
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mwanangu,

Basi ni wewe. Nimekaa na hiyo barua siku mbili na nakwambia ukweli, nilitamani ingekuwa ya tapeli. Tapeli ningejua la kumfanya. Wewe unanidanganya, na sijui nimekukosea nini mpaka uniogope hivyo.

Ngoja nikupe jambo ambalo sijampa mtu. Sipho alilijua, naye kaondoka nalo.

Nilipokuwa Leningradi nilipata mimba mwaka wa pili, na ikaharibika ikiwa ya miezi saba, Januari, kwenye hospitali ileile niliyokuwa nafanyia mazoezi. Alikuwa wa kiume. Hawakunionyesha. Nilirudi chumbani kwa metro, nimesimama upande wa kulia wa ngazi za umeme kama mgeni anavyoshauriwa. Jioni ile nikaketi nikamwandikia mama yangu Morogoro. Unajua nilimwandikia nini? Madaraja. Nilimwandikia jinsi madaraja yanavyoinuka meli zikapita. Nikamwandikia chakula ni kizuri na watu ni wakarimu. Barua kumi na moja za namna hiyo, mwaka mzima, na mama yangu alizifunga kwa utepe, akafa akiamini nilistarehe.

Kwa nini sikumwambia? Kijiji kizima kilikuja kuniaga. Walichinja. Ningeanzia wapi kusema nimefika nikashindwa hata kubeba mtoto?

Ndiyo maana barua zako nilizinusa mapema. Nilikuwa nasoma zangu mwenyewe. Na ninyi wawili nimewalea kwa hadithi hizo hizo, theluji na madaraja na wauguzi wenye kofia nyeupe, mpaka mkatamani kwenda. Hilo ni langu, nalibeba mimi.

Sasa sikia. Ijumaa, nikiwa kliniki kupima presha, Murielle alifungua kabati. Pasi ameshampa Firmin. Wanaondoka Jumamosi hii, tarehe nane. Nimechoka kuongea, hanisikii. Anasema mimi na wewe tumepanga kumbania. Kila nikimwambia kuna kitu hakiko sawa, ananionyesha picha ya barua yako kwenye simu: "Soma, Mama H, wewe mwenyewe uliisoma kanisani!" Na ni kweli niliisoma.

Sikuulizi tena jua. Nakuuliza mdogo wako aende au asiende. Popote ulipo, hata kama umefanya nini, hata kama uko kitandani kwa mtu, hata kama uko jela. Hakuna utakalosema likanifanya nikufungie mlango. Lakini ukinyamaza mpaka Ijumaa saa nane, utakuwa umechelewa, maana ule ni muda wa mtu mwingine, nimeshaelewa.

Mama yako,
Hedwiga


Malvern, Johannesburg
Jumatano, 5 Novemba 2025

Mama,

Asiende. Asiende, asiende. Nimeanza na hilo juu simu hii si yangu, ni ya mteja ninayemsuka, amenipa akiwa anakula, nikafungua barua pepe yangu nikasoma yako.

Niko Malvern. Sijawahi kutoka Johannesburg. Niko Jules Street, ile saluni yenye mlango wa rangi ya machungwa, jirani na fundi wa magodoro. Juu yake ndiyo nalala. Hilo dirisha la kaskazini ndilo hili. Sikukupa alama, Mama, nisikudanganye tena. Sikujua kwamba jua la kule ni tofauti. Nilichoka tu kuandika ya kwenye karatasi nikataka nikuambie kitu kimoja cha kweli.

Siku ile ya Septemba hatukuingia uwanja wa ndege. Firmin alituacha kwenye gari, sisi wanne, akaingia ndani, akarudi akasema viza zina kasoro ndogo, ni wiki mbili tu. Akakusanya pasi na simu. Akasema tukirudi makwetu watu watacheka, tena wataharibia wengine nafasi. Akatuleta hapa tusuke nywele tukingoja. Wiki mbili zikapita. Tukauliza. Akasema anayetaka pasi yake aandike barua nzuri kwanza. Kila Ijumaa anakuja na simu yake na karatasi alizozichapisha kwenye mtandao, taarifa za wageni, kwa Kiingereza. Sisi tunaweka katika Swahili. Anakaa karibu kabisa, anasoma, anabonyeza kutuma. Ile ya dirisha aliisoma akasema vizuri, umeanza kujifunza. Naye ni mtu wa hapa, naye hakujua jua la kule.

Barua zetu ndizo anaonyesha familia nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake, Mama. Sisi ndio tunamuletea watu. Nilijua hilo tangu ya kwanza na nikaandika.

Mwezi uliopita alichukua wenzangu wawili, akasema viza zao zimetoka. Walituahidi wataandika. Hawajaandika, na yeye akiulizwa anabadili maneno. Ndiyo maana niliomba Murielle umushikilie. Sikuweza kusema zaidi, alikuwa anasoma.

Utaniuliza kwa nini sikutoroka. Hakuna aliyenifungia mlango. Nanunua mkate hapo kwenye kiduka cha spaza, naweza kutembea mpaka kwako kwa miguu, kilima cha upande wenu nakiona nikiwa nasuka. Mara mbili nilifika nusu ya njia. Nikakumbuka kanisa lilivyoniombea, na sanduku walilonichangia, na koti lako. Nikageuka. Nilisema bora wafikiri niko mbali.

Mteja amemaliza kula. Mama, nisamehe. Yule mtoto wako wa Januari nimemlilia leo, watu wakadhani ni moshi wa nywele za kuchoma.

Usimuache aende.

Héritière


Malvern, kwenye kiti cha wateja
Alhamisi, 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi

Héritière,

Nampa huyu dada anayesuka mlangoni karatasi hii akupandishie. Hajaniuliza mimi ni nani. Amenitazama tu usoni, akasogeza kiti, akasema, "Subiri hapa mama, yuko juu anachambua nywele." Nadhani naye amechoka.

Sikupanda moja kwa moja kwa sababu sitaki ushtuke, ukaruka dirishani kwa aibu. Nakujua.

Murielle nimekuja naye. Barua yako ya jana nilimwonyesha, unajua alichosema? Kwamba nimeiandika mimi! Kwamba nimejitumia mwenyewe kwa anwani ya uongo ili nimzuie. Alinikazia macho akasema, "Mama H, umezoea kudanganya kwa barua, umesema mwenyewe." Maana ile barua niliyokuandikia pia aliifungua akaisoma, huyo mwizi wa makabati. Sasa haamini karatasi yoyote, iwe yako, iwe yangu. Nikamwambia basi twende Malvern, nikiwa mwongo nitakusindikiza mwenyewe Jumamosi na sanduku nitakubebea. Amekuja akicheka. Amekaa hapa karibu nami, amekunja mikono, anatazama mlango anione ninavyoumbuka.

Firmin usimwogope. Nimeshapita polisi kabla ya kuja hapa, nimetoa habari za wale wenzako wawili kwanza, pasi baadaye. Yule askari aliandika polepole sana, sijui kama watamtafuta leo au mwaka ujao. Jumapili nitasimama tena pale mbele, mahali pale pale, niwaambie wale akina mama kwamba nilichowasomea kilikuwa karatasi ya watalii. Watakaonizomea wanizomee.

Sasa hivi umekohoa huko juu.

Murielle amesimama. Amenishika mkono wenye kalamu, anabana, ndiyo maana mwandiko umeharibika hapa. Ameacha kutazama mlango, anatazama dari. Héritière, shuka, mwanangu. Shuka hivyo hivyo ulivyo, mdogo wako analia.

Mama